Jina la Mwenye Duka

Kwa miaka ishirini nilishona nguo kwenye baraza la duka la Lalji, mjini Shinyanga, na kwa miaka hiyo yote sikujua jina la mwenye duka. Nilidhani najua. Mji mzima ulidhani unajua. Ubao uliokuwa juu ya mlango uliandikwa LALJI kwa rangi nyekundu, na aliyeketi nyuma ya meza ya kupimia vitambaa alikuwa mtu mmoja tu, kwa hiyo watu wakajumlisha wakapata Lalji. Waliomheshimu walimwita Mzee Lalji. Wachimbaji wa Nyarugusu, waliokuja kwangu kushonewa suruali zenye mfuko wa siri kiunoni wa kufichia vumbi la dhahabu, walimwita Laliji au Ralji, na mmoja alimwita Mzee Laji kwa miaka minne bila mtu kumrekebisha. Mwenyewe aliitika yote.

Mimi ni Telesphori Mihayo, mzaliwa wa Ushirombo, fundi cherehani. Nilifika Shinyanga mwaka 1961 na cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na mjomba wangu. Mwenye duka alinitazama, akaitazama cherehani, akasema niketi pale barazani, ili anayenunua kitambaa ndani atoke nje amkute fundi. Mapatano yalikwisha kabla chai haijapoa. Sikuandikishwa popote na sikuwahi kufukuzwa.

Lakini sikukaa chini kuandika habari zangu. Naandika habari za mke wake, Mama Nirmala, kwa sababu alipofariki mwaka jana watu walisimama wakasema alikuwa mkarimu na mtu wa ibada, kisha wakakaa. Maneno hayo unaweza kuyasema juu ya mtu yeyote aliyekufa akiwa na sufuria jikoni. Nilikereka. Hakuna aliyesema alichofanya stesheni, na mimi nilikuwepo.

Jina lake lilikuwa Bhanumati. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na mikononi alivaa bangili za kioo, hivyo ulimsikia kabla hujamwona. Kiswahili alikiokota sokoni kwa akina mama wauza dagaa, kwa hiyo alikiokota pamoja na Kisukuma chake; asubuhi alikuamkia "mwangaluka", akikupa chai akakuambia "karibu", na ukimwudhi alikugombeza kwa Kigujarati. Mimi nilikisikia Kigujarati hicho kila siku hadi nikakielewa, ingawa sikuthubutu kukisema. Yeye alimwita mumewe Baba Nirmala, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Uingereza. Sikuona ajabu. Mke wangu Generoza naye ananiita Baba Apolonia, na sijawahi kumuuliza kwa nini.

Aliyeona ajabu alikuwa Generoza mwenyewe.

"Baba Apolonia," aliniambia siku moja, "yule mama hamtaji mumewe."

"Mbona anamtaja? Si anamwita Baba Nirmala?"

"Hiyo si kumtaja. Hiyo ni kumzunguka."

Generoza anayajua mambo haya. Baba yangu mzazi aliitwa Mihayo, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Sasa kwa lugha ya kwetu "mihayo" maana yake ni maneno. Tangu nilipomwoa, Generoza hawezi kusema maneno kwa lugha yake. Akifika hapo huhamia Kiswahili. Tukigombana, na ugomvi wetu wote ni wa maneno, hulazimika kubadili lugha katikati, na mimi huitumia nafasi hiyo kuvuta pumzi.

Basi Generoza akaenda nyuma ya duka, wakaketi na Mama Nirmala wakichagua dengu, wakawa wanalinganisha miiko yao kama wagonjwa wanavyolinganisha maradhi hospitalini. Alirudi ameridhika. Alisema kwao Mama Nirmala mke hatamki jina la mume hata siku moja, tangu arusi hadi kaburini, kwa sababu kila akilitamka anampunguzia mume siku za kuishi.

"Kwa hiyo hasemi Lalji," nikasema.

"Hasemi. Nilipolitaja mimi tu, alijifunika mdomo na ukingo wa sari."

Tukaona tumeelewa. Tulikuwa tumeelewa nusu, lakini nusu hiyo ilitutosha kwa miaka kumi na mitano.

Mzee alianza kusahau mwaka 1979. Mwanzoni hatukulitia maanani. Alipima kitenge kile kile mara tatu, kisha akamuuliza mteja kama ni yeye anayenunua au anauza. Siku nyingine aliitumbukiza futi kamba ya kupimia kwenye kikombe cha chai akawa anaikoroga. Miaka ile vitambaa vilikuwa vimeadimika. Kwenye rafu zetu kulikuwa na tambi za jiko la mafuta ya taa, dawa ya nondo na madaftari machache. Mzee alisimama mbele ya rafu tupu, akanyoosha mkono, akamwambia mteja, "Chagua upendacho." Wateja walidhani anatania. Wengine walimsifu kwa kuwa na moyo wa kutania wakati ule.

Nikamtazama vizuri nikagundua kwamba hasahau ovyo. Alisahau kama mtu anayefumua mshono, anayeanzia pale fundi alipomalizia na kurudi nyuma. Kwanza vita vya Kagera vilitoka, mtu akivitaja yeye anauliza vita gani. Baadaye ikatoka arusi ya Nirmala. Baadaye akatoka Nirmala. Siku hiyo alisimama mbele ya picha ya binti yake iliyotundikwa ukutani, akamuuliza mkewe yule ni mtoto wa nani.

"Wa jirani," alijibu Mama Nirmala, akaenda kuosha mchele ambao alikuwa ameshauosha. Niliona mgongo wake kupitia mlangoni. Roho iliniuma, nikashona mfuko juu ya mfuko.

Haikupita mwezi ikawa zamu yangu. Mzee alitoka nje, akanitazama, akaitazama cherehani, akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kuketi pale.

"Lalji," nikamwambia.

"Lalji yuko Porbandar, Bara Hindi."

"Mzee, Lalji si ni wewe?"

Alinikazia macho kama ninavyomkazia macho mtu anayeleta suruali ya kutiwa kiraka bila kuifua. "Lalji ni baba yangu," akasema, "na hajapata kuvuka bahari."

Nikaiacha cherehani nikaenda nyuma kumuuliza Mama Nirmala. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele. Hakuinua uso. Alinieleza polepole kwamba duka lilifunguliwa na kaka mkubwa wa mumewe, miaka ya thelathini, naye aliandika juu ya mlango jina la baba yao, kama mtoto mwenye adabu. Mumewe alikuja baadaye. Kaka alipofariki, yeye akaketi chini ya ubao. Mteja wa kwanza alimwita Lalji, naye alikuwa amechoka, akaitika. Wa pili hivyo hivyo. Kufika wa kumi ilikuwa taabu kuanza kuelezana.

"Kwa hiyo mji mzima tunamwita kwa jina la baba yake," nikasema.

"Ndiyo."

"Na wewe Lalji hulitaji kwa sababu ni baba mkwe."

"Ndiyo, Fundi."

"Sasa yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Akauweka ungo chini. "Fundi," akasema, "unataka nimuue?"

Sikuuliza tena. Ila nilirudi kwenye cherehani nikiwa na hofu, kwa sababu niliona kitu ambacho pengine yeye alikuwa amekiona kabla yangu. Kaka mtu alikuwa ameshakufa, wazee wenzake wa Kihindi walikuwa wamehama au wamezikwa. Mzee akiitwa Lalji anasema baba hayupo. Akiitwa Baba Nirmala haitiki, maana Nirmala hajazaliwa. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja anayejua jina la kumwita akaitika, na mtu huyo ndiye asiyeruhusiwa kulitamka.

Kisha mzee akaanza kwenda stesheni.

Hapa lazima nieleze jambo la mwaka 1939. Mwaka mmoja kabla yake mzee alikuwa amerudi kwao Porbandar kuoa, akakaa wiki mbili na bibi arusi aliyejifunika uso, akatangulia kurudi Shinyanga. Mke alifuata mwaka mmoja baadaye, kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni, akiwa na miaka kumi na sita na sanduku la bati. Aliposhuka Shinyanga hakukuta mtu. Mume alikuwa amekwenda Ushirombo na lori kuchukua samli, na lori likazama kwenye tope. Msichana aliketi juu ya sanduku lake tangu asubuhi hadi jua lilipopinda, hajui lugha yoyote ya hapa, na mwanamke muuza karanga akamgawia karanga. Hilo Mama Nirmala hakulisahau. Kila walipokosana, kwa miaka arobaini na mbili, alilitoa sanduku lile. Chumvi ikizidi, sanduku. Mzee akisahau kufunga dirisha, sanduku. Mimi nililisikia kwa Kigujarati mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulichora, na bawaba yake moja iliyovunjika.

Sasa mzee alikuwa amefumuka mpaka mwaka huo. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti jeusi, akachukua mwavuli, akaenda stesheni kumpokea mkewe. Treni ya kutoka Tabora ikifika alisimama anatazama kila mlango. Mkewe hakushuka. Akarudi nyumbani kwa miguu, maana miguu haikuwa imesahau njia, akamkuta mwanamke mzee anampakulia wali. Alimshukuru sana. Alidhani ni mama mwenye nyumba.

Mama Nirmala alikuwa akimfuata kwa mbali kila siku, akisimama nyuma ya ghala la pamba mpaka treni iondoke. Alisema anamlinda asivuke reli ovyo. Nilimwambia nitakwenda mimi badala yake. Nikaenda mara moja, nikamshika mzee mkono ili nimrudishe, akapiga kelele kuwa nimemwibia. Hapa Shinyanga ukiitiwa mwizi huna muda wa kujieleza. Niliokolewa na mkagua tiketi aitwaye Kamili, ambaye nilikuwa nimemshonea sare. Tangu hapo nilijua mzee hashikiki.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwaka 1981, mwezi wa tano. Nilikuwa napinda upindo wa kaptula niliposikia bangili zinakuja mbio.

"Fundi! Leo amechukua begi!"

Nilielewa mara moja. Mzee alikuwa amechoka kungoja mke asiyefika, na sasa anamfuata. Tukakimbia. Mama Nirmala alikuwa na miaka hamsini na minane na amevaa kandambili, na alinipita kabla ya posta. Tulipofika, treni ya kwenda Tabora ilikuwa imesimama, na mzee, na koti lake na mwavuli wake, alikuwa kwenye foleni ya kupanda behewa la daraja la tatu. Mbele yake walikuwa watu watano.

Nataka ieleweke vizuri kilichokuwa mbele yetu. Treni ile ingemfikisha Tabora. Kutoka Tabora njia zinagawanyika, nyingine inakwenda Kigoma, nyingine Dar es Salaam. Mtu asiyejua mwaka, anayemtafuta msichana wa miaka kumi na sita, asiyeitika kwa jina lolote analojua mtu mwingine, angeshukia wapi? Nani angemrudisha, na angemrudisha kwa nani?

"Lalji!" nikaita.

Aligeuka kwa adabu. "Hayupo," akasema, akaendelea na foleni. Watu wanne.

"Baba Nirmala!" aliita Mama Nirmala. Mzee hakugeuka. "Baba Nirmala! Baba Nirmala!" Mwanamke mmoja kwenye foleni akamhurumia, akamgusa mzee begani, akamwambia anaitwa. Mzee akamwambia kwamba hana mtoto bado.

"Mama Nirmala, nipe jina," nikamwambia. "Nitaita mimi. Dhambi iwe yangu, mimi ni Mkatoliki, nitaungama."

Alitikisa kichwa.

"Basi nipe herufi ya kwanza tu."

Alifikiri kama hilo nalo ni kutaja. Watu watatu. "Ja," akasema.

"Jafari!" nikaita kwa sauti yangu yote. Wanaume wawili walichungulia dirishani na mmoja akatoka msalani. "Jakobo!" Hakuna. "Japheti!" Kamili mkagua tiketi alinisogelea akaniuliza ninamtafuta nani.

"Yule mzee."

"Anaitwaje?"

"Ndilo tunalolitafuta."

"Januari!" nikaita, na hapo mtu mmoja akashuka kweli kutoka behewa la pili, na kuku mkononi, akaniuliza amefanya nini. Nilimwomba radhi. Alipanda tena akinung'unika, na kuku naye.

Filimbi ikapigwa. Mzee aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akampa mtu aliyekuwa ndani begi lake. Nilimtazama Mama Nirmala. Alikuwa amelishika shati langu mkononi, amefumba macho, na machozi yanatoka humo humo kwenye macho yaliyofumbwa. Nilijua anahesabu nini. Akinyamaza, mumewe anaondoka akiwa hai. Akimwita, mumewe anabaki, na yeye ndiye atakayekuwa amemuua.

"Jashvant!"

Hakuita kwa nguvu. Mimi niliyekuwa kando yake nililisikia kwa shida. Lakini mzee mguu wake ulibaki hewani, akageuka, akateremka, akiutanguliza mwavuli.

"Nani ameniita?" akauliza kwa Kigujarati.

Aliyekuwa ndani alimrushia begi lake. Treni ikaondoka. Mama Nirmala alifumbua macho, akaona mzee anakuja moja kwa moja kwake, anamtazama yeye usoni, na mimi sijapata kumwona mtu mzima anafurahi vile. Alicheka na kulia kwa pamoja. Akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo pia hakuwahi kulifanya.

"Mimi," akasema. "Mimi mkeo. Nimekuja kukuchukua."

Mzee alimwacha amshike kidogo, kisha akautoa mkono wake polepole, bila ukali, kama unavyoutoa uzi usiotaka kuukata.

"Nisamehe, dada," akasema. "Wewe si mke wangu. Mke wangu hawezi kutamka jina langu." Akasimama wima kwenye koti lake. "Amelelewa vizuri."

Nimewahi kuona watu wakipigwa. Nimewahi kuona mtu akitolewa kwenye duara, lile shimo la dhahabu, akiwa hana mguu. Sikuwahi kutamani kuwa mahali pengine kama nilivyotamani dakika ile. Kamili alijifanya anatoboa tiketi, na hakuwa na tiketi mkononi.

Mama Nirmala alisimama. Alifuta uso kwa ukingo wa sari, upande mmoja, kisha upande mwingine. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na mteja.

"Kweli," akasema. "Nimekosea kusema. Mimi si mkeo. Mkeo amechelewa njiani, ameniagiza nikuchukue ukamngoje nyumbani."

Mzee alifikiri. "Kama yeye ndiye aliyekutuma," akasema, "hilo ni jambo lingine." Kisha akaniona mimi, akanikabidhi begi. Alinidhania hamali wa stesheni. Nikakubali kazi hiyo.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na mzee aliufungua mwavuli akamfunika mwanamke wa watu, mwenyewe akitembea juani. Mama Nirmala alimuuliza mkewe yukoje. Alisema hajui sana. Uso hakuuona vizuri, ulikuwa umefunikwa. Lakini siku ya arusi alimsikia akicheka chumba cha pili, akiwa na dada zake, akidhani hakuna anayesikia.

"Nikasema moyoni, basi," alisema mzee. "Huyu nitaweza kuishi naye."

Mama Nirmala aliniambia baadaye kwamba kwa miaka arobaini na mbili mzee hakuwahi kumwambia hivyo. Angemwambiaje? Yeye alikuwa mumewe. Mambo kama hayo huambiwa mtu wa kupita.

"Ninachoogopa," mzee akaendelea, "ni afike nisiwepo. Mtu ametoka mbali vile. Nisipokuwepo, sitajisamehe."

Mwanamke alisimama kabisa, katikati ya barabara, na mkokoteni wa ng'ombe ukalazimika kutupita pembeni.

"Ulikuwepo," akasema. "Kila siku ulikuwepo. Nimekuona kwa macho yangu. Nitamwambia."

"Mwambie," mzee akasema, akashukuru.

Kuanzia siku hiyo sikulisikia tena lile sanduku la bati.

Mzee hakufa jioni ile. Hakufa wala kesho yake. Mama Nirmala alingoja wiki nzima. Siku ya tatu mzee alipopiga chafya mbili, alifunga duka na kunituma niite daktari. Daktari alisema ni vumbi. Wiki ya pili alianza kumwita tena, kwa sauti ya chini, akiwa amegeukia ukuta. Mwezi wa pili alimwita kawaida. Kufika kiangazi alimwita tangu jikoni kwa sauti iliyofika kwenye baraza langu, mara ishirini kwa siku, kama mtu aliyefungiwa neno na sasa anataka kulifidia. Jashvant, koti lako. Jashvant, leo treni haipiti, keti. Naye aliketi. Kwenda stesheni kuliisha kabisa.

Generoza alipopata habari alilia, kisha akaniuliza kama na yeye siku moja atalazimika kunitaja. Nikamwambia mimi jina langu linajulikana Shinyanga nzima, asijisumbue. Hakucheka.

Kuitwa jina kulimweka mzee nyumbani, lakini kulikuwa na gharama yake. Kila alipoitwa alizidi kuwa na hakika kwamba huyu siye mkewe. Na kwa kuwa alikuwa muungwana, alisema haifai alale nyumba moja na mwanamke asiye wake. Akahamishia kitanda dukani, chini ya rafu tupu. Alimwita dada. Alimpa salamu kila asubuhi kutoka mlangoni, akingoja akaribishwe. Aliishi hivyo miaka mitatu, mwenye afya, hadi mvua za mwaka 1984 zilipomchukua kwa homa ya mapafu, akiwa bado anamngoja mkewe.

Jambo hilo lilinikera kwa muda mrefu. Niliona dhuluma ndani yake ingawa sikuweza kusema nani amemdhulumu nani. Siku moja mchana, mzee akiwa bado hai, nilimkuta Mama Nirmala anapakua wali, nikashindwa kujizuia.

"Shikamoo, Mama Nirmala."

"Marahaba, Fundi."

"Naomba niulize jambo. Ungeacha kumwita jina, si angekumbuka pengine kwamba wewe ni mkewe? Hata siku moja moja?"

Aliifunika sahani ili inzi wasiingie. Hakukasirika. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda mahali.

"Mke wake hajafika, Fundi. Anayempikia ni mimi."

Kisha akageukia mlango wa duka akamwita kwa jina, aje ale chakula kisipoe, na mzee akaja, akanawa mikono, akamwambia asante, dada.